Safari ndefu za basi (Dar–Mwanza, Dar–Bukoba): maji, kuchimba dawa (kujisaidia njiani), kutapika, insulini na miguu. Tuwekane sawa

Dawa_Mezani #1

Wakuu, salamu.

Kila ikikaribia Desemba watu wanauliza wabebe dawa gani kwenye safari ya basi, na majibu yanakuwa orodha ya vidonge. Vidonge vitafuata. Kinachowaumiza abiria wengi wa masafa marefu ni uamuzi wanaoufanya kabla hawajakanyaga stendi: "Leo sinywi maji, nisije nikasumbuka njiani."

Piga hesabu. Dar hadi Mwanza ni zaidi ya kilomita 1,100. Basi haliruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa, kwa hiyo hata lisiposimama popote ni karibu saa 14. Ongeza mizani, chakula, foleni ya kutoka Mbezi mpaka Kibaha, na Bukoba bado iko mbele zaidi. Mtu aliyefunga maji tangu jana yake jioni anakaa zaidi ya saa 20 mkavu, nusu ya muda huo jua linampiga dirishani. Anashuka na kichwa kinachogonga, choo kigumu, na kwa wanawake wengi mkojo unaochoma siku ya pili, kwa sababu mkojo uliokaa muda mrefu kwenye kibofu unawapa vijidudu nafasi ya kuzaliana. Mwenye selimundu anaweza kuamsha maumivu makali kwa kiu tu. Anayetumia dawa za presha akisimama ghafla kizunguzungu kinamwangusha.

Usiache maji, yapangie muda. Kunywa nusu lita saa 2 kabla ya kuondoka, kisha ingia chooni dakika za mwisho pale stendi. Njiani piga mafunda, kama nusu glasi kila saa. Ukigida chupa nzima kwa mkupuo mwili unayatoa haraka, ndiyo maana wengi wanadhani maji yanawasumbua. Ukijua basi linasimama wapi kwa chakula, glasi kubwa inywe saa 1 kabla ya kufika hapo, siyo mara baada ya kuondoka. Chai, kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu vinaweza kukukojoza zaidi, viache mpaka ufike. Kipimo chako ni rangi ya mkojo: ukiwa wa njano hafifu uko salama, ukifanana na chai ya rangi umechelewa.

Kuhusu kuchimba dawa. Unapokata tiketi uliza kama basi lina choo na kama kinafanya kazi. Kama halina, mwambie konda mapema, robo saa kabla hujabanwa, kwa sababu dereva anahitaji sehemu pana ya kuegesha. Shuka upande wa porini, usivuke barabara, usisimame nyuma ya basi. Akina mama, kanga au kitenge kikae kwenye mkoba wa mkononi, pamoja na karatasi laini na kitakasa mikono chenye pombe asilimia 60 au zaidi. Mikono ikiwa na matope au mafuta kitakasa hakifanyi kazi vizuri, hapo ni maji na sabuni, kwa hiyo kipande cha sabuni kibebwe pia.

Wadau wengine waongeze. Majina ya dawa nitayaandika kama yalivyo kwenye boksi ili mtu asikosee dukani.

---

Mama Kulwa #2

Asante sana mkuu. Watoto wanaotapika je? Na watu wazima wanaoanza wakifika kwenye kona za mlima Sekenke?

---

NesiWaZamu #3

Mama Kulwa, ukisubiri Sekenke umechelewa. Mtu akishaanza kusikia kichefuchefu tumbo linapunguza kasi, kidonge kinakaa pale pale bila kuingia kwenye damu, na mara nyingi kinatoka na matapishi. Dawa ya safari inamezwa kabla gari halijaondoka.

Kwa mtu mzima kuna mbili zinazopatikana kirahisi. Cinnarizine: mg 30 (vidonge 2 vya mg 15) saa 2 kabla ya safari, kisha kidonge 1 kila baada ya saa 8 kama bado uko njiani. Mtoto wa miaka 5 hadi 12 anapewa nusu ya hapo. Promethazine: mg 25, saa 1 hadi 2 kabla. Hii inalaza sana, inakausha mdomo, na mtoto chini ya miaka 2 HAPEWI kabisa, maana inaweza kumzuia kupumua. Anayeendesha gari asiiguse. Pombe na mojawapo ya hizi haviendi pamoja.

Lakini nusu ya kazi inafanywa na siti. Kutapika kunakuja pale macho yanapoona vitu vimetulia (simu, kiti cha mbele) huku sikio la ndani likihisi mwili unayumba. Kaa mbele ya matairi ya nyuma, siti za katikati kwenda mbele, uone barabara kwa mbali. Siti ya nyuma kabisa inarusha na kuyumba kuliko zote. Simu weka chini, hasa kwenye kona za Sekenke, na Kitonga kwa wanaokwenda Iringa. Mtoto mdogo asiyeona dirishani mpandishe alipo aone nje.

Tumbo tupu ni kosa, na chipsi mayai ya stendi saa 11 alfajiri ni kosa kubwa zaidi. Mkate mkavu au kiazi kitamu cha kuchemsha saa 1 kabla kinatosha. Tangawizi mbichi ya kutafuna inawasaidia baadhi ya watu na haina madhara makubwa. Mfuko wa kutapikia uwe mkononi, siyo kwenye begi la juu.

Mtoto akitapika zaidi ya mara tatu, mpe ORS (unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji) kijiko kimoja kimoja cha chai kila dakika 1 au 2. Akirudisha, subiri dakika 10, anza tena taratibu. Ukimpa kikombe kizima kwa huruma kitatoka chote.

---

Dawa_Mezani #4

Naongezea kwenye ORS: pakiti 1 kwa lita 1 kamili ya maji salama. Siyo nusu pakiti kwa chupa ndogo, kwa sababu ule unga haujachanganyika sawa ndani ya pakiti, na mchanganyiko wenye chumvi nyingi unamdhuru mtoto. Chupa kubwa ya maji nyingi ni lita 1.5, kwa hiyo mimina nje theluthi moja kwanza. Ikipita saa 24 mwaga. Kama pakiti huna: lita 1 ya maji, vijiko 6 vya chai vya sukari na NUSU kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha.

---

Kijana wa Nzega #5

Naomba msaada kwa wenye sukari. Anayechoma Mixtard (insulini ya kuchanganywa) asubuhi na jioni, anasafiri Dar mpaka Bukoba. Insulini inabebwaje na anachoma saa ngapi wakati basi halina saa ya kula inayoeleweka?

---

NesiWaZamu #6

Mkuu, swali zuri sana. Niligawe.

KUBEBA. Insulini ambayo haijafunguliwa inakaa nyuzi 2 hadi 8. Iliyoanza kutumika inavumilia joto la kawaida la chumba, chini ya nyuzi 30, kwa takriban wiki 4 (soma karatasi ya ndani, aina zinatofautiana kidogo). Kwa hiyo kwa safari ya siku moja au mbili adui siyo kukosa friji. Adui ni jua la moja kwa moja, joto la buti, na barafu.

Barafu nairudia kwa sababu watu wanaipenda. Insulini iliyoganda imekufa, hata ikiyeyuka na kuonekana safi. Usiilaze juu ya chupa ya maji yaliyogandishwa. Njia rahisi ni chupa ya chai yenye mdomo mpana: weka maji baridi ndani kwa dakika 10, yamwage, kausha, funga kichupa kwa kitambaa kikavu cha pamba, tia ndani, funika. Njia nyingine ni kukitia kichupa kwenye mfuko wa nailoni usiopitisha maji, ukazungushia kitambaa kilicholowa, ukakiweka mahali penye upepo. Inapoza kwa sababu maji yanapokauka yanaondoka na joto. Inafanya kazi vizuri kwenye hewa kavu ya Dodoma na Singida wakati wa kiangazi. Dar kwenye unyevu kitambaa hakikauki, kwa hiyo hakipozi, pale tumia chupa ya chai.

Buti hapana, kabisa. Kuna joto, na begi linaweza kushushwa Shinyanga wewe ukaendelea. Vyote vikae kwenye mkoba wa miguuni: insulini mara mbili ya unayohitaji, sindano, kipimo cha sukari na vijiti vyake, na karatasi ya daktari. Kama mnasafiri wawili, gawaneni akiba.

Kabla ya kuchoma, viringisha kichupa cha Mixtard viganjani mara 10. Kinatakiwa kuwa cheupe sawasawa kama maziwa. Ukiona mabonge, au chembe zimeng'ang'ania kwenye kioo, usichome. Ile insulini ya kawaida isiyochanganywa ni kinyume chake, iwe angavu kama maji.

KUCHOMA. Nyumbani mnafundishwa dakika 30 kabla ya kula. Ndani ya basi usichome kwa kutegemea neno la konda kwamba "hotelini ni nusu saa tu." Tairi likipasuka au foleni ya mizani ikiwa ndefu, dawa iko mwilini na chakula hakipo. Chakula kiwe mkononi mwako ndipo uchome, kisha ule. Sukari itapanda kidogo kuliko kawaida, na hilo ni bora mara mia kuliko kuishusha katikati ya pori. Beba chakula chako mwenyewe, basi likisimama au lisisimame unakula saa yako ile ile. Wanaomeza glibenclamide au glimepiride wafuate kanuni hiyo hiyo, kidonge na chakula pamoja. Metformin peke yake ni nadra kuishusha sukari kiasi cha hatari.

IKISHUKA. Jasho la ghafla, kutetemeka, njaa kali, moyo kwenda mbio, kisha maneno yasiyoeleweka. Hatari ya basi ni kwamba jirani anadhani umelala au umelewa. Kwa hiyo jirani wa siti na konda waambiwe mapema, bila aibu. Tiba: vijiko vya chai 3 hadi 4 vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya soda yenye sukari (mililita 150 hivi, zile zisizo na sukari hazisaidii). Subiri dakika 15, pima, rudia kama bado iko chini ya 4 (mmol/L). Ikipanda kula ndizi au vipande 2 vya mkate, la sivyo itashuka tena. Aliyepoteza fahamu asimiminiwe chochote mdomoni, atapaliwa. Mlaze ubavu na basi liende kituo cha afya kilicho karibu.

---

Kijana wa Nzega #7

Mungu akubariki. Hapo kwenye insulini kuganda sikuwa nafahamu. Na chakula cha kubeba kiwe kipi?

---

Bi Mwanaidi wa Jikoni #8

Wanangu, hapa kwenye chakula naomba niseme.

Msibebe wali wa nazi kwenye hotpoti. Wali uliopikwa saa 9 usiku, ukafunikwa uvuguvugu, ukaliwa saa 7 mchana, umekaa saa 10 kwenye joto ambalo vijidudu wanalipenda. Kuna kijidudu cha wali ambacho mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa, na wali ukipoa polepole kinatoa sumu. Sumu hiyo haiondoki hata ukiupasha moto tena, na mtu anatapika ndani ya saa chache. Kuku wa kukaanga aliyefungwa kwenye nailoni akiwa wa moto ni shida ile ile, mvuke unamlowesha. Chakula kilichopikwa cha majimaji kama hiki kisizidi saa 2 nje ya moto au baridi.

Bebeni vikavu: chapati zisizo na mafuta mengi zilizopoa kabisa kabla ya kufungwa, mkate, viazi vitamu vya kuchemsha na maganda yake, mayai ya kuchemsha yasiyomenywa (yaliwe asubuhi hiyo hiyo), karanga, korosho, ndizi mbivu, machungwa mzima mzima. Ganda la tunda ni kifungashio, ukilimenya mwenyewe kwa mikono safi uko salama. Tikiti lililokatwa na kuwekwa kwenye mfuko, kachumbari, juisi ya barafu, acha. Kituoni chagua kinachotoka jikoni kikiwa cha moto mpaka kinatoa moshi. Supu inayochemka ni bora kuliko mshikaki uliopoa.

---

Dawa_Mezani #9

Bi Mwanaidi shikamoo, umesema kweli tupu.

Tumbo likichafuka, wengi wanakimbilia Flagyl. Kuharisha kwingi kwa safarini siyo ugonjwa wa Flagyl, kunakwisha kwa ORS na muda. Loperamide inafunga choo kwa muda na mtu mzima anaweza kuitumia avuke safari: vidonge 2 vya mg 2 mwanzo, kisha 1 kila baada ya choo cha maji, visizidi 4 kwa siku bila daktari. Ukiwa na homa au damu kwenye choo usiitumie, maana unafungia vijidudu ndani. Mtoto asipewe. Yeye ni ORS na zinki, mg 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14 (chini ya miezi 6, mg 10).

Na wanaotumia ARV (dawa za VVU): kopo likae mkononi, saa ya kumeza isibadilike, kadi ya CTC (kliniki ya VVU) isiachwe nyumbani. Dawa zikiisha ugenini, nenda na kadi hiyo kituo chochote cha CTC.

---

Fundi wa Mifupa #10

Miguu haijaguswa.

Miguu yote miwili kuvimba kidogo baada ya safari ni kawaida, inaisha kwa siku moja ukiinyanyua. Hatari ni ndama ya mguu MMOJA kuvimba, kuuma na kuwa ya moto. Hiyo inaweza kuwa damu iliyoganda kwenye mshipa wa ndani. Donge likichomoka linakwenda mapafuni: pumzi inakata ghafla, kifua kinachoma ukivuta hewa. Ni siku hiyo hiyo hospitali, na inaweza kujitokeza hata wiki kadhaa baada ya kushuka kwenye basi.

Sababu ni kukaa zaidi ya saa 4 magoti yamekunjwa. Damu ya miguuni inapandishwa na misuli ya ndama, na misuli isiyocheza haisukumi kitu. Kila nusu saa nyanyua visigino mara 20, kisha vidole mara 20, viatu umevua. Kila basi likisimama shuka utembee, hata kama huna haja. Mzigo usiuweke miguuni ukaifunga. Kumeza Piriton (dawa ya mzio inayoleta usingizi) au dawa nyingine ili ulale safari nzima ni hatari kwa sababu hii hii, mtu anakaa saa 8 mkao mmoja.

Walio kwenye hatari zaidi ni wajawazito na waliojifungua ndani ya wiki 6, waliofanyiwa upasuaji karibuni, wenye mguu kwenye plasta ngumu (POP), wanaomeza vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, wenye saratani, na aliyewahi kupata tatizo hili. Hawa waonane na daktari kabla, kuna soksi za kubana za chini ya goti (mmHg 15 hadi 30) na wengine wanahitaji sindano ya kuzuia damu kuganda. Kumeza aspirini ndogo "kulainisha damu" siyo kinga ya safari, na ina madhara yake tumboni.

Mjamzito afunge mkanda, kamba ya chini ipite chini ya tumbo juu ya nyonga, kamwe isipite katikati ya tumbo.

---

Mzee Rwegoshora #11

NesiWaZamu, umetaja promethazine na cinnarizine. Kwa sisi wazee wa kiume wenye tezi dume, zinafaa?

---

NesiWaZamu #12

Shikamoo mzee. Swali hili nilipaswa kulitangulia mwenyewe. Hapana, zisitumike bila daktari. Dawa hizo, Piriton na dawa nyingi za mafua za kuchanganya zinalegeza kibofu na zinaweza kufunga mkojo kabisa kwa mwenye tezi iliyokua. Mkojo ukifunga katikati ya Igunga na Nzega ni maumivu makubwa na mpira wa kutolea mkojo ndio unaotakiwa. Kwa mzee: siti ya mbele, kando ya njia, tangawizi, na asijizuie mkojo, maana kibofu kilichojaa kupita kiasi nacho kinashindwa kujisukuma. Kama anatumia dawa ya kukojoza ya presha, asiiache kienyeji. Amuulize daktari kama siku ya safari anaweza kuimeza akishafika.

---

Dawa_Mezani #13

La mwisho kwa upande wangu, kabla mada haijahama: homa baada ya safari.

Kagera, Geita na Kigoma zina malaria nyingi kuliko Dar, Arusha au Kilimanjaro. Mtoto aliyekulia Moshi au Dar hana kinga waliyonayo binamu zake wa kijijini, na waliokaa Ulaya au Oman miaka mingi kinga yao imeshuka pia. Beba chandarua chenye dawa na kamba nne zake, usitegemee cha nyumba ya wageni. Homa yoyote kuanzia siku ya 7 tangu ufike huko mpaka mwezi mmoja na zaidi baada ya kurudi ipimwe, na mpimaji aambiwe ulikotoka. Usimeze mseto (ALu, dawa ya malaria) kwa kubahatisha. Ukipimwa ukakutwa nayo, mtu mzima wa kilo 35 na zaidi anameza vidonge 4 kwa dozi, dozi ya pili saa 8 baada ya ya kwanza, kisha asubuhi na jioni kwa siku 2, jumla 24, kila dozi pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa. Bila mafuta dawa inaingia kidogo mwilini na ugonjwa unarudi.

Kipimo cha haraka kikionyesha huna malaria na homa inapanda siku kadhaa, inakata, inarudi tena, na mlilala njiani Dodoma au Singida kwenye nyumba ya udongo, taja hilo. Papasi (kupe laini) anajificha kwenye nyufa za sakafu na ukuta, anauma usiku kwa muda mfupi na kurudi ufani, wengi hawajui kama wameumwa. Kipimo cha haraka cha malaria hakioni homa ya papasi. Omba damu iangaliwe kwa hadubini wakati homa iko juu, kwa sababu ikishashuka vijidudu vinapungua kwenye damu na mpimaji hatawaona.

---

Mama Kulwa #14

Nimenakili yote. Kwa papasi, kulala kitandani badala ya mkeka chini kunasaidia?

---

Dawa_Mezani #15

Kunasaidia sana, dada. Kitanda kisogezwe mbali na ukuta, chandarua kichomekwe chini ya godoro pande zote, na mabegi yasilazwe sakafuni usiku, yaning'inizwe. Kabla ya kuondoka asubuhi yakung'uteni nje, papasi asije akasafiri nanyi mpaka nyumbani.